Sahani Isiyokwama Kwenye Ndizi

Mimi spea feki hainidanganyi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini nifumbe macho, nipe beringi, niipime kwa kiganja na kuigonga kwa ukucha, nitakwambia kama ni orijino. Ndivyo nilivyotoka kwenye meza ya mbao ya kuuzia spea Ngarenaro, hapa Arusha, hadi nyumba ya geti la umeme Moshono. Kwa hiyo kijana anayemtaka binti yangu wa pekee alipokuja mara ya kwanza na zawadi bapa iliyofungwa nailoni, sura yake sikuiangalia. Niliangalia nailoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Baba wa nani?"

Binti yangu akajifanya anapanga vikombe.

Ndani mlikuwa na sahani ya santuri. Kwenye jalada, picha ile ile niliyokua nikiiona: Wazungu vijana wenye nywele za kuziba macho, bendi ya roki ya miaka ya sitini, nyimbo zao zilizovuma zimekusanywa pamoja. Marehemu baba aliachiwa sahani kama hiyo na Mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa akihama. Binti alishamsimulia kijana, bila shaka. Nikaanza kunusa. Mtu akikuletea kitu unachokipenda, ujue ameshakupima.

"Ya zamani hii?"

"Mpya, mzee. Wameitoa upya ile ile ya zamani."

"Mpya, halafu ile ile! Hata wauza spea hawajafika huko."

Nikaipima: nzito kuliko ya baba. Nikainusa: harufu ya ndala za dukani. Nikaigonga kwa ukucha. Mama yangu, ninayeishi naye, akaniuliza, "Unaikagua au unaioa?"

Gramafoni ya baba ipo sebuleni, mota yake nimeifunga kwa mikono yangu. Nikaweka sindano kwenye wimbo wa tatu. Huo ndio ulikuwa mtego wangu. Kwenye sahani ya baba, mwimbaji hufika kwenye neno la Kiingereza ambalo sisi nyumbani tulilisikia "ndizi", akakwama hapo: ndizi, ndizi, ndizi, mpaka baba anyanyuke, aisukume sindano kwa kidole, irukie karibu na mwisho. Boma zima tuliuimba hivyo. Mpaka leo kwetu mtu akirudia maneno huambiwa, "Sukuma sindano."

Wimbo ukafika pale. Mwimbaji akasema ndizi mara moja tu, akapita.

"Feki!" Nilishasimama. "Nilijua! Ndizi zimekatwa!"

Kijana akamtazama binti yangu, kisha akanitazama mimi. Kunikubalia lilikuwa jambo rahisi, na kungempa mke siku ile ile.

"Samahani, mzee. Nadhani ya kwenu ilikuwa na mkwaruzo."

Nilikuwa natafuta neno la kumfukuzia, mama akaniwahi.

"Kuku," alisema. "Aliirukia sahani ikiwa inaimba, siku ile ile ilipoingia nyumbani, wewe ukiwa mgongoni kwangu. Baba yako aliona aibu, akasema ndivyo Wazungu wanavyoimba. Sasa kaa, irudishe. Sijawahi kusikia anasema nini baada ya ndizi."

Nikairudisha. Mama akasikiliza, kichwa amekiinamisha upande, na Kiingereza hakijui hata kidogo.

Nikamwambia kijana alete wazee wake Jumapili baada ya ibada. Mtu aliyeweza kuniambia sahani ya baba yangu ilikuwa mbovu, nyumbani kwangu, nimemsimamia, hatamdanganya binti yangu. Au basi ni mjanja kuliko wote niliowahi kufanya nao biashara.

Sahani nimeizuia. Bado naichunguza.