Tangawizi Kali ya Koko

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, saa nne na dakika kumi asubuhi, ndipo aibu yangu ilipoanza. Saa naijua vizuri kwa sababu nilikuwa naangalia simu nikitafuta udhuru wa kubaki nyumbani, na kama ningeupata basi leo nisingekuwa na kitu cha kuandika. Nakiri kabisa mwanzoni ili nisizunguke: mimi ndiye niliyemlewesha bibi yangu. Bibi mzaa baba, mama wa kanisa, mwanamke ambaye hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza kabla ya kuinywa. Nilimlewesha mchana kweupe, halafu nikasimama kando yake mbele ya ukumbi mzima kumtafsiria.

Bibi tunamwita Koko, kama watu wengi wa Bukavu wanavyowaita bibi zao. Alikuwa amekuja kutuona hapa Malvern, mtaa wa Johannesburg, kwa wiki tatu, na Jumatatu angepanda ndege kurudi. Baba mdogo Pacifique, kitinda mimba wake, naye alikuja siku chache hizo hizo kutoka Ujerumani, kwenye mji mdogo anakofanya kazi ya kupakia mizigo. Mara mbili amemwombea Koko viza aende akaone anapoishi, mara mbili wamemnyima. Basi asubuhi ile akasimama mlangoni na ufunguo wa gari la kukodi, amevaa shati jipya, akasema, "Mama, kama wamekukataza kuja kwangu, leo nitakupeleka kwangu hapa hapa Jozi."

Papa, yaani baba yangu, alikuwa zamu, analinda maghala, kwa hiyo tulikwenda wanne: Koko, Mama, Baba mdogo na mimi, ambaye nilikuwa nimeshaishiwa udhuru. (Mimi mdomo wangu ni mzito. Kuandika naandika, lakini kusema mbele ya watu ndiyo kazi. Tangu nilipofika shule ya hapa wakacheka namna ninavyotamka, nimejizoesha kutikisa kichwa tu, na kwa wiki zote tatu Koko nilikuwa namjibu hivyo hivyo, kichwa juu ndiyo, kichwa pembeni hapana.)

Tukaegesha gari Marshalltown, na Baba mdogo akaanza kutuonyesha mji wake, kana kwamba tuko Ujerumani. Jengo la zamani la mawe likawa kanisa lao kuu. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, akatusimamisha kama wanajeshi. "Kwetu ikiwa nyekundu watu wote wanasimama, hata kama hakuna gari hata moja."

"Hata usiku?" Koko akauliza.

"Hata usiku."

"Basi ni watu wa kuogopa Mungu."

Mbele kidogo bomba lilikuwa limepasuka na maji yanateremka barabarani. "Na huu ndio mto wetu," akasema Baba mdogo bila kucheka. Koko akakusanya kitenge chake kwa mkono mmoja, mwingine akanishika mimi, akavuka mto wa Ujerumani taratibu, kwa heshima zote, huku wauza ndizi wakimtazama. Upande wa pili akageuka kuuangalia. "Muko na mto muzuri, Pacifique," akasema, na Baba mdogo akajifanya kufunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu sana.

Saa nane tukafika mwisho wa safari, ukumbi wa bia wa Kijerumani wenye meza ndefu za mbao, wanaume wenye kaptura za ngozi, mmoja na kinanda cha kukumbatia, mwingine na tarumbeta kubwa kama beseni. Koko akasimama mlangoni.

"Pacifique, umenileta kwenye pombe?"

"Mama, kwetu Jumamosi familia inatembea, halafu inakaa meza moja, bibi mpaka wajukuu. Wanaonja bia kwenye glasi ndogo-ndogo na kuzungumza. Mimi hukaa pale peke yangu kila wiki. Weye utakunywa sukre, hakuna atakayekugusa." (Sukre ni soda, sisi Wakongo ndivyo tunavyoiita.)

Hapa lazima mfahamu kitu kimoja. Pombe ndiyo iliyomuua babu. Koko alikuwa na mimba ya Baba mdogo wakati ule, na siku ya kumzika babu aliapa kwamba tone halitapita mdomoni mwake tena, na Baba mdogo sasa ana miaka thelathini na minne. Kiapo kile ndicho kitu Koko anachojivunia hapa duniani, kuliko watoto, kuliko nyumba. Aliingia kwa ajili ya mwanawe tu, akakaa ukingoni mwa benchi na mkoba wake mapajani.

Baba mdogo na Mama wakaenda kaunta kuchagua bia na soseji, foleni ndefu. Tukabaki wawili. Akaja mhudumu, dada mtu mzima kidogo, akasikia Koko akisema nami, akaangaza uso. "Shikamoo, bibi." (Koko hajui shikamoo inajibiwaje, akasema "jambo sana".) Kumbe amezaliwa Morogoro, mama yake Mtanzania, baba yake mtu wa hapa aliyekimbilia kule enzi za mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi. Akaniuliza bibi atakunywa nini.

Nami nikafanya uamuzi wangu mdogo. Nikajiambia, Aline, leo utafungua mdomo, umwagizie Koko kwa Kiswahili asikie. Kwenye orodha niliona bia ya tangawizi. Nikafikiri ile tunayopewa kwenye harusi za jirani zetu, bia kwa jina tu, watoto wanakunywa mpaka matumbo yanauma. Tena tangawizi kwetu ni kinywaji cha kanisa, mama wa kwaya wanauza kwenye chupa baada ya ibada.

"Tangawizi," nikasema.

"Ipo kali na ipo laini. Nilete ipi?"

Sasa Koko husema siku zote tangawizi isiyochoma koo ni maji ya kunawa. Kwa hiyo nikajibu kwa sauti, kwa fahari, kama mtu anayejua mambo: "Kali. Glasi kubwa."

Sikuuliza kali ya nini. Neno moja zaidi lingetosha, lakini nilikuwa nimeshatumia maneno yangu yote ya siku ile.

Koko akanitazama kana kwamba kiti kimezungumza. "Aline, kumbe weye unasema." Akanywa, akakunja uso. "Hii imelala siku nyingi," akasema, "lakini iko muzuri." Alikunywa yote, akaomba nyingine, nami nikaagiza tena kwa ujasiri ule ule. Foleni bado haijasogea. Mashavu yake yakaanza kung'aa. Akalegeza kilemba. Akanisimulia habari za Papa alipokuwa mdogo na mbuzi aliyekula daftari lake, akacheka mpaka akashika meza, nami nilicheka naye, na nasema kweli, nilikuwa sijawahi kuwa na furaha kama ile na Koko.

Kisha muziki ukanyamaza, na yule wa kinanda akauliza kwenye kipaza sauti kama kuna mwenye neno, siku ya kuzaliwa au chochote. Koko akaona kipaza sauti.

"Wanaomba ushuhuda," akasema. "Simama, utatafsiri."

Kanisani kwetu mgeni akishuhudia kwa Kiswahili lazima kijana atafsiri kwa Kiingereza, kwa hiyo kwake lilikuwa jambo la kawaida. Akanivuta mkono, glasi ya pili kwenye mkono mwingine. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Koko akasalimu, nikatafsiri. Akasema anatoka Bukavu, nikatafsiri, sauti kama ya mbu. Akamnyooshea kidole Baba mdogo aliyeganda katikati ya ukumbi na ubao wa glasi ndogo. "Tangu nikiwa na mimba ya yule pale, pombe sijaonja." Akameza funda moja kubwa.

Watu wa meza ya mbele wakaangua kicheko, tangawizi ile ile mbele yao. Yule dada wa Morogoro akanisogelea sikioni: "Mdogo wangu, bibi asiongezewe. Ile kali ni bia kabisa, inazidi hata hizi alizobeba yule pale."

Ukumbi wote ukawa mbali. Koko akaendelea, macho yamejaa machozi: "Waambie, atakayeacha leo, Mungu atamshika mukono."

Nikatafsiri: "Anasema ahsanteni kwa muziki, na mfike nyumbani salama."

Wakasimama, wakapiga makofi na kugonga meza kwa glasi. "Umeona?" Koko akaninong'oneza. "Wameguswa."

Garini alilala begani kwangu, na saa kumi na moja jioni alikuwa kitandani, akisema mji wa Pacifique unachosha. Niliwaambia Mama na Baba mdogo jikoni. Mama alishika kichwa. Baba mdogo akasema taratibu, "Usimwambie, Aline. Nimebakiwa na siku mbili na mama yangu, na leo amefurahi. Usinivunjie."

Siku hizi nikiagiza kinywaji nauliza mpaka mhudumu anachoka, na nimeapa sitatafsiri tena nusu nusu. Lakini asubuhi ile ya Jumapili nilikuwa bado sina somo lolote. Koko alikuwa anapiga pasi kilemba cheupe cha kwenda meza ya Bwana, anaimba kidogo kidogo.

"Koko," nikasema. "Tangawizi ya jana ilikuwa pombe. Mimi ndiye niliyesema kali."

Akasimamisha pasi. "Glasi zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na ulijua saa ngapi?"

"Ulipokuwa unasema pale mbele."

"Ndiyo maana tafsiri yako ilikuwa fupi."

Akakaa. Akataja miaka yake, thelathini na minne, kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja jina la marehemu, nami nikaanza kulia. Halafu akaniita nikae karibu, akanifuta uso kwa ncha ya kilemba cheupe alichokwisha kukinyoosha. "Ungenyamaza, ningekwenda mezani kwa Bwana na mdomo huu bila kujua. Basi leo ni siku ya kwanza."

"Hutachoka kuanza upya?"

"Kwani niko na kazi gani nyingine?"

Tulikwenda kanisani wote, na Baba mdogo, ambaye alishajua kwamba nimemwambia Koko na hakuniangalia njia nzima. Koko hakwenda mbele kwa mama wenzake. Walipomwonyesha kiti chake, alininyooshea kidole mimi, kama vile mimi ndiye niliyeomba kusindikizwa, akakaa benchi la mwisho. Sinia la mkate lilipotufikia nililipokea kwa mikono miwili, nikalipitisha mbele yake bila kulisimamisha, nikampa Baba mdogo upande wa pili. Naye akalitazama, akalipitisha vilevile bila kumega, kisha akamshika Koko mkono.