Upepo Aliouamini Collins

Collins alikuwa mlinzi kwenye geti la maegesho ya magari, nami nililala kitanda cha juu yake miaka mitano, chumba cha watu sita huko Industrial Area, Uarabuni. Mtu mwema kupita kiasi. Kilichonichosha ni kimoja tu: kila jioni, sisi tukigombania kiyoyozi kibovu, yeye alisoma kwenye simu utabiri wa hali ya hewa wa mji mdogo wa pwani, kaskazini kabisa mwa Norwei.

Dadake Nafula alikwenda huko 2013 kusomea uuguzi. Wazazi walikufa mapema, Collins ndiye aliyemlea, na kumwacha hakujua. Alijaza daftari: walitabiri nyuzi ngapi, zikawa ngapi, kesho yeye anakisia ngapi. Kisha anampigia kumwambia avae nini. Tulimcheka, mtu ambaye barafu ameiona kwenye friji tu.

Jioni moja ya Januari simu ilionyesha kesho kumi chini ya sifuri, na leo ilikuwa ishirini chini. Tena upepo mkali. Collins alifurahi. Kule getini mwezi wa Agosti, unyevu ukikukaba koo, upepo ndio huruma pekee tunayoijua.

"Kesho uko poa, Nafu," alimwambia. "Baridi imepungua nusu, na kuna upepo. Acha hizo gloves kubwa, vaa zile nyepesi ushike kalamu vizuri."

"Sawa, kaka."

Nilikuwa pale napiga pasi yunifomu. Nami niliona ni sawa, na hilo sijajisamehe.

Basi lilichelewa dakika arobaini, naye akisubiri nje kituoni. Upepo wa kule, tulikuja kuambiwa, ndio unaokata. Hospitalini walimwondolea ncha za vidole vitatu vilivyoganda vya mkono wa kulia, na chuo kikamshauri atafute kozi nyingine. Collins alitupa daftari kwenye pipa la nje, akakaa siku mbili bila kula.

Nafula hakumlaumu hata mara moja. Sasa yeye ndiye aliyepiga kila jioni, akiuliza.

"Kaka, kesho nivae nini?"

"Vaa zote."

Julai simu ilionyesha nyuzi kumi na tisa na jua. Collins aliisoma mara mbili.

"Vaa zote, Nafu. Na gloves kubwa."

"Sawa, kaka."

Kesho yake alituma picha. Yuko ufukweni, watu nyuma yake wamevaa fulana, na yeye amevaa koti zito, gloves kubwa mikononi.