Visu Sita Vinavyofanana

Nikutegee, mjukuu wangu, na usikimbilie kujibu. Anafika mezani kabla ya wageni, anagusa nyama ya kila mmoja wao, kisha anarudi jikoni na njaa yake. Ni nani?

Ukisema kisu, umepata. Lakini ukimpelekea Gloriose jibu hilo hapa soko la Mulongwe, atakutazama kwanza, halafu atakuuliza: kisu cha mkono wa nani?

Saa tatu asubuhi, jua limeshaliacha ziwa na kupanda juu ya mabati ya soko. Gloriose anatandika kitenge mezani na kupanga visu vyake, ncha zikimwelekea yeye, mipini ikimwelekea mteja. Hampi mtu kisu mkononi. Anakilaza mezani, na mteja anakiokota mwenyewe. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, ili watu wasije kugombana. Anaongeza kwamba hata vidole hubaki vizima namna hiyo.

Nyuma ya meza kuna visu virefu vya kuchinjia na vyembamba vya kupasulia samaki. Hivyo vinajiuza vyenyewe, maana Uvira bila samaki si Uvira. Mbele kabisa, mahali penye mwanga, ndipo anapoweka visu vya kukatia nyama mezani, vinavyouzwa sita sita. Zamani vilikuwa vya nyumba za mapadri na hoteli. Siku hizi wanaotoka kuoa wanavitafuta, na mashangazi wanavinunua kuwa zawadi ya arusi.

Leo amekuja Dorine, mshonaji kijana wa Kavimvira, aliyeolewa majuzi. Anaokota kisu chenye meno, anatoa nyanya kwenye kikapu chake, na kuikata. Nyanya inafunguka vipande viwili bila kumwaga maji. Dorine anainua uso kama mtu aliyekwisha kununua.

"Mama, hii njo kali," anasema.

"Tomati hata kijiko inaikata, mutoto yangu," Gloriose anamjibu. "Ngombe ya Bijombo imeshuka mulima yote na miguu yake. Haiko tomati."

Wengi hapa hufanya kosa hilo. Wamezoea samaki na mboga, kwa hiyo wanajaribu kisu kwa kitu laini, kisha wanakipeleka nyumbani kupigana na nyama ya ng'ombe aliyekulia kwenye milima. Gloriose ana sahani yake ya bati chini ya meza, na ndani yake nyama ya kuchoma iliyokwisha kupoa. Nyama ya moto, anasema, inamhurumia mkataji. Ya baridi inasema kweli.

Anamwachia Dorine ajaribu. Kisu chenye meno kinaivuta nyama huku na huku, sahani inapiga kelele, na kipande kinachotoka kina nyuzi kama kamba iliyokatika. Kisu chenye makali laini kinapita mara moja, na upande uliokatwa unang'aa.

Lakini Gloriose hadanganyi mtu ili auze. Anamweleza Dorine kwamba kisu cha meno kitavumilia muda mrefu bila kunolewa, na siku meno yakiisha, hakuna fundi sokoni atakayeyarudisha. Kile laini kitachoka upesi, hasa kikikwaruza sahani ya udongo, ila jiwe la kunolea litakiamsha kila mara. Basi mwenye nyumba ajijue. Kama kwake hakuna mtu wa kunoa, achukue cha meno na asijisumbue.

Kisha anakigeuza kisu na kuonyesha mpini. Chuma kinatakiwa kionekane kimepita katikati ya mbao mpaka mwisho, na misumari ikishike pande zote. Mpini uliochomekwa tu huchomoka siku ya wageni, tena mbele ya mgeni anayesema sana. Na mbao isilale ndani ya beseni la maji, itavimba.

Haya hakuyasoma popote. Mwaka ule mto Mulongwe ulipofurika na kuingia mtaani, sanduku lake la visu lilikaa ndani ya tope. Alipolifungua, vingine vilikuwa vimekuwa vyekundu kwa kutu mpaka ndani ya mpini, vingine alivipangusa tu kwa kitambaa vikarudi kama vilivyokuwa. Alilia kwa vile vya kwanza, akavitazama vizuri vile vya pili. Tangu hapo, akiletewa mzigo na wafanyabiashara wanaotoka Bujumbura, anaomba kisu kimoja tu kwanza, akilaze kwenye maji ya chumvi mpaka kesho yake.

Kuna jaribio moja la mwisho, na hilo ndilo linalowachekesha wateja. Gloriose anakishika kisu kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, vimelegea kama vya mtu anayesinzia. Hakandamizi. Anakiburuta tu juu ya nyama, aone kama uzito wa kisu peke yake utafanya kazi.

Dorine anacheka. "Mama, unakata sawa mugonjwa."

Gloriose hacheki. Anapangusa kisu, anakilaza, na kunyoosha kitenge mahali ambapo hakijakunjamana. Dorine, kwa kutafuta pa kuweka macho, anaona kifurushi kilichojificha pembeni: visu sita vya mpini mnene wa mbao nyeusi, vyenye makali laini.

"Na hizi, mama? Bei gani?"

"Hizi haziuzwe."

Hivyo ni vya nyumbani kwake. Vina safari ndefu, na Gloriose anamsimulia Dorine.

Mume wa Gloriose, Protais, ni seremala. Nusu ya vitanda vya mtaa wao vilipita mikononi mwake, na meza ndefu ya nyumbani aliitengeneza mwenyewe, miguu yake ikiwa minene kiasi kwamba watoto waliifanya farasi. Kiharusi kilimshika ghafla akiwa kazini. Alipotoka hospitali, mguu ulirudi, maneno yalirudi, ila mkono wa kulia ulirudi nusu. Unashika kikombe kisichojaa. Haushiki randa.

Tangu siku hiyo Protais hajala kwenye meza yake mbele ya mgeni. Wageni wakiwapo, Gloriose humkatia nyama jikoni vipande vidogo vidogo na kumpelekea chumbani. Mkono wa kushoto ni mzima kabisa, lakini kwa ugali mkono wa kushoto haumsaidii. Hapa kwetu mkono huo haupelekwi mdomoni mbele za watu. Na Protais ndiye aliyemkanya binti yao, Irambona, alipokuwa mdogo na kupenda kula kwa mkono wa kushoto. Alimgonga kidole kwa kijiko mpaka akazoea mkono wa kulia. Leo atauinua vipi wa kwake, na Irambona yupo?

Mwaka huu Irambona amepata mchumba, na kijana huyo na wazazi wake, watu wa Nyakabere, wanakuja kula kwa mara ya kwanza. Katika nyumba zao na za akina Gloriose desturi ni moja: mgeni hagusi sahani mpaka baba wa nyumba ale tonge la kwanza. Baba akiwa chumbani, wakwe watakaa mikono magotini, na chakula kitapoa katikati yao. Wataondoka wakiamini kwamba aliwakataa.

Gloriose alimwuliza mumewe mapema, siku habari ilipofika. "Baba Irambona, utaikala na siye ku meza?" Protais aligeuza uso akawatazama kuku. Gloriose hakurudia swali. Alikwenda kutafuta kisu.

Hapo ndipo alipokosea, na anasimulia mwenyewe huku akitikisa kichwa. Alipata kisu kimoja kizuri, mpini wake mnene kama wa nyundo, akakiweka karibu na sahani ya Protais, wengine wakiwa na vile vyao vya kawaida. Protais alikitazama, akamaliza kula kwa kijiko, na kesho yake kisu kilionekana juu ya kabati, kimefungwa ndani ya gazeti.

"Nilimupatia kisu ya peke yake," anasema. "Ile ni sawa kikombe ya mugonjwa. Miye mwenyewe ningekataa."

Basi akaelewa kwamba hatafuti kisu cha Protais. Anatafuta visu vya meza nzima. Viwe sita, vifanane, vipendeze mkono wa mkwe mwenye nguvu, na hata hivyo vikubali mkono unaoshika nusu. Tena siku hiyo pasiwe na ugali. Pawe na nyama ya kuchoma, viazi na ndizi, na kila mtu awe na kisu na uma. Kwa maana anayekula hivyo, kisu kinakaa kulia na uma unakaa kushoto, na ni ule wa kushoto unaokwenda mdomoni. Wote watainua mkono wa kushoto. Nani atamwona wa Protais?

Dorine, akiwa bado ameshika nusu ya nyanya yake, anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anasema kinachomwuma.

"Bakwe ba Nyakabere, bila bugali? Mama Irambona, batasema mulibanyima."

"Baseme," Gloriose anajibu. "Bugali batakula ku arusi mpaka bachoke."

Dorine anachagua visu vyenye makali laini, vya mpini mwembamba zaidi, na jiwe dogo la kunolea. Mumewe, anasema, jioni hana kazi, atanoa. Kabla ya kuondoka anajaribu kushika kisu kimoja kwa vidole vitatu vilivyolegea. Safari hii hacheki.

Gloriose amevipita visu vingi kufikia hivi sita. Vingine vilikuwa vyepesi mno, vikacheza juu ya nyama. Vingine vilikuwa vizito upande wa mpini, vikainua ncha. Hivi, ukivilaza juu ya kidole pale mbao inapoanza, vinatulia bila kuanguka. Faida ya meza yake si kubwa, nao wafanyabiashara hawamkopeshi kwa hadithi, kwa hiyo alivichukua polepole, kimoja kimoja, na mwenye mzigo akakubali kumtunzia vilivyobaki.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya wageni, anafunga meza mapema na kupita njia ya mtoni kwenda nyumbani. Irambona ameshawasha makaa. Harufu ya nyama inafika hadi barazani, ambako Protais amekaa, mkono wa kulia ukiwa mapajani kama mtoto aliyelala.

Gloriose anaingia ndani. Anatandika meza ndefu kwa sahani tatu, moja yake, moja ya Irambona, moja ya mume wake, na mbele ya kila sahani analaza kisu kimoja na uma mmoja. Vile vitatu vingine anaviacha wazi katikati ya meza, vionekane. Kisha anaita kwamba chakula kiko tayari, kwa sauti ya siku zote.

Protais anakuja. Anakaa. Anatazama kisu chake, anatazama cha Irambona, anatazama vile vya katikati. Ananyoosha mkono wa kushoto, anaokota kimoja cha katikati, anafumba jicho moja na kuyafuata makali kwa lile jingine, kama anavyotazama ubao kujua kama umepinda. Anapitisha kidole juu ya misumari ya mpini.

"Misumari tatu," anasema. "Aliyefanya hii haiko mujinga."

Anakirudisha. Halafu anachukua kile kilicho mbele yake na kukihamishia mkono wa kulia, akifunga vidole kimoja baada ya kingine. Uma anaushika kwa kushoto na kuuzamisha kwenye nyama. Irambona ameinamia sahani yake na kukata nyama asiyoila. Gloriose anajifanya anatafuta chumvi.

Kisu kinaburutwa mara moja. Hakikati. Kinaburutwa mara ya pili, polepole, bila kukandamizwa, na kipande kinajitenga na kulala ubavu.

Mkono wa kushoto unainuka. Ng'ambo ya meza, Irambona naye anainua wake, na mama yake wake.

Protais anakata tena, na tena. Kwenye kipande cha nne kisu kinakwama. Anakitua na kukinung'unikia kwamba ncha yake haikunolewa sawa na sehemu nyingine. Anamtuma Irambona alete jiwe lake la karakana, lile refu, si kama yale madogo ya sokoni. Binti analishikilia jiwe mezani kwa mikono miwili, baba anavuta kisu kwa kushoto, maji yanatiririka juu ya mbao aliyoiranda mwenyewe, na hakuna anayejali. Akimaliza kimoja anadai kingine.

Gloriose ana mipango yake. Anataka kuongeza meza ya pili sokoni, upande wa wanaouza sufuria, na anafikiri kwamba mteja angependa kuondoka na visu vilivyokwisha kunolewa na fundi. Fundi huyo, aliye mezani sasa hivi, bado hajaambiwa. Leo ana swali moja tu, na swali hilo ameshaliuliza, siku ile Protais alipowatazama kuku.

Anakusanya sahani. Amefika mlangoni mwa jikoni Protais anapomwita, macho yakiwa bado kwenye makali ya kisu cha mwisho.

"Mama Irambona. Kesho kiti yangu muweke kule mwisho, upande wa kushoto. Nisimugonge mukwe na kiwiko."