Vitabu Ndani ya Mito

Fundi cherehani huyu mtaani walimwita Mama Makabati. Marehemu mumewe, karani wa posta, hakupita kwa wauza karatasi chakavu bila kurudi na kitabu kwapani, mpaka sebule ikajaa makabati na wageni wakawa wanaongelea mlangoni.

Asubuhi moja redio ikatangaza vitabu vilivyopigwa marufuku. Atakayekutwa navyo, jela. Mama Makabati akayageukia makabati. Karibu vyote vilikuwa pale, vikimtazama.

Shemeji yake akaingia bila hata hodi.

"Shemeji, choma! Mwalimu wa nyumba ya kona wameshamchukua."

"Nichome vya kaka yako?"

"Kaka yangu hawamfungi tena. Wewe watakufunga."

Shemeji alipoondoka, Mama Makabati akatia motoni kitabu kile mumewe alichokuwa akimsomea alipokuwa na mimba ya binti yao. Moshi ukatanda. Akafunga madirisha, akikohoa, akihofia moshi wenyewe utamchongea. Cha pili mkono ulikataa. Ndipo akafumua mito ya kochi, akatoa sufi, akapanga vitabu ndani, akashona huku sindano ikimchoma vidole.

Adhuhuri wakaja askari wawili. Mdogo akapekua makabati. Mkubwa akajitupa kwenye kochi, akaruka kidogo.

"Mama, kochi gani hili? Gumu kama benchi la mahakama!"

"Nisamehe, afande. Sufi nimewashonea wateja. Humo ni matambara tu."

Askari akaubonyeza mto kwa dole gumba. Akaubonyeza tena.

"Ninyi mafundi bwana!" Askari akacheka, akanyanyuka. Wakabeba gunia la vitabu vya hesabu na hadithi za watoto, wakaenda zao.

Mito ile hakuifumua. Marufuku iliondolewa, serikali ikabadilika, naye bado akisikia buti barabarani hukimbilia kochi na kulikalia. Mwishowe binti yake, mtu mzima sasa, alishika mkasi mwenyewe, akaifumua. Vitabu vingine unyevu ulikuwa umevila. Vilivyosalia wanafunzi wa mtaani huja kuvisoma pale pale sebuleni.

Kile alichokichoma anakiulizia kwa kila mgeni. Hajakipata. Na mwanafunzi akisoma kwa sauti, Mama Makabati huinuka taratibu, akafunga dirisha.