Siku Mayuko Alipoambiwa Asome Anavyojua

Mwalimu Nishiwaki alifundisha Kiingereza katika shule yetu, huku kwenye theluji ya Akita, kaskazini mwa Japani, mpaka nywele zikamgeuka mvi. Meza yake na yangu zilipakana kwenye chumba cha walimu. Mimi nilifundisha sayansi, na wanafunzi wangu walau walikuwa na chura wa kupasua. Yeye, mama wa watu, alikuwa na vinywa visivyofunguka.

"Leo nimemwuliza Kubota jana alikula nini," aliniambia siku moja akijimiminia chai. "Kashauriana na wa kushoto, kisha na wa kulia. Chakula alichokula mwenyewe, jamani, anauliza jirani!"

"Huenda jirani ndiye aliyepika."

"Cheka tu. Nikipata mmoja wa kufungua kinywa, nitastaafu kwa amani."

Akampata. Mayuko Tsukioka alihamia kwetu akiwa na miaka kumi na mitatu, baada ya kukulia Kanada alikokuwa akifanya kazi baba yake. Kiingereza kilimtiririka. Basi kila kipindi ikawa Mayuko simama, Mayuko soma, wenzako wakusikie. Mimi nilimwonya Nishiwaki.

"Mwalimu, mpunguzie huyo mtoto. Wenzake unawajua."

"Wewe nawe! Kwani kujua ni kosa?"

Haikupita muda. Wakati wa chakula cha mchana watoto huunganisha meza zao kwa vikundi. Nilikuwa napita koridoni nikaona meza za wasichana zimegusana, ila ya Mayuko wameiachia mwanya wa upana wa kiganja. Ukiuona mwanya ule huna haja ya kuuliza kitu.

"Bibi Kanada," mmoja alimwambia, "wali wetu unakushuka kweli? Au tukutafutie mkate?"

Wakacheka. Mayuko naye akacheka, huku machozi yanamlengalenga.

Mtoto hakuwa mjinga. Akaanza kusoma kama wenzake, kila neno akilikatakata na kulikausha, kama mtu anayetaja vituo vya treni. Alikuwa anajiharibu kwa makusudi, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii kweli. Mwanya ukapungua wiki hadi wiki. Theluji ilipoanza, meza zikagusana, nikamwona akibadilishana samaki na yule yule wa mkate.

Nishiwaki hayo hakuyaona. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wao wa darasa, na alikula mbele yao, lakini kichwa kimeinamia mitihani. Alichosikia ni Kiingereza kinaharibika, roho ikamwuma, akadhani ni uvivu.

Ikafika siku ya wazazi kuja kusimama nyuma ya darasa kutazama somo. Akamwinua Mayuko. Mayuko akasoma kile kisomo chake kikavu.

"Acha mchezo, Mayuko," Nishiwaki akamwambia mbele ya watu wote. "Soma unavyojua."

Mtoto alimtazama. Kisha akasoma ukurasa mzima, vizuri ajabu. Wazazi wakaguna kwa kustaajabu, mama mmoja akapiga makofi. Nishiwaki alirudi chumba cha walimu uso unang'aa.

"Ungemsikia! Lo, ungemsikia!"

Kesho yake meza zikaachana. Mayuko akawa anashinda chumba cha muuguzi wa shule, mara tumbo, mara kichwa. Mwisho akaacha kuja kabisa.

Nishiwaki alikwenda kwao kila wiki. Mama alimwandalia chai na vitumbua vya maharage, akiomba radhi kwa usumbufu, huku mtoto amejifungia juu. Siku moja Nishiwaki alipanda ngazi, akapiga magoti nje ya mlango, akaomba msamaha. Akajibiwa kutoka ndani, kwa upole tu.

"Mwalimu, nilikuwa nimeshapata marafiki."

Aliponisimulia alilia waziwazi, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia. Mpaka leo inaniuma, maana nia yake ilikuwa njema tangu mwanzo.

Kwenye mahafali ya darasa lao, mwalimu wa darasa husoma majina, na kila mtoto husimama akaitikia kwa nguvu mpaka ukumbi usikie. Asiyekuwepo huitwa haraka, mambo yakaendelea.

"Mayuko Tsukioka," Nishiwaki akaita.

Kiti kilikuwa kitupu. Yeye akasubiri. Tukatazamana, wazazi wakaanza kujisogezasogeza, mkuu wa shule akakohoa. Nishiwaki bado amesimama, anakitazama kile kiti, anasubiri sauti.

Kisha akaita jina lililofuata. Alikuwa yule msichana wa mkate, naye aliitikia kwa sauti kubwa, safi, kama walivyofundishwa.