Mama na Bustani za Uingereza

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha mtaa wa Bertrams, kwenye chumba chetu cha Julai 2016, baridi ya Johannesburg ikipenya chini ya mlango na Baba amesogeza hita karibu na cherehani yake. Baba ni fundi nguo, mtu wa Tanga. Kila Jumapili saa tisa alasiri aliegemeza simu kwenye cherehani, nami nikakaa miguuni pake nimejifunika blanketi, tukimngoja Mama apige. Nilikuwa na miaka kumi, na Mama alikuwa Uingereza tangu Machi.

"Mamako ameenda kutembea," Baba aliniambia nilipolia siku aliyoondoka. Mtu wa Tanga angeelewa kwamba amekwenda mbali kwa muda na atarudi. Lakini mimi nilizaliwa Johannesburg, Kiswahili changu cha kuokoteza nyumbani, shuleni ni Kizulu na Kiingereza. Kutembea nilikujua kwa maana moja tu: kunyoosha miguu, kupunga upepo, kustarehe.

Simu nayo ikanithibitishia. Kila Jumapili Mama alikuwa bustanini. Alituonyesha bustani za majumba ya kale, vichaka vilivyokatwa vikanyooka kama ukuta, mawaridi ya rangi ambazo sikuwa na majina yake, miti ya matunda iliyofungwa kwenye matofali ikatambaa. Mara nyingine ilikuwa bustani ya umma tu, yenye bata na mabenchi. Siku moja alituingiza kwenye nyumba ya vioo, na humo ndani, ukipashwa joto kwa mabomba, umesimama mgomba. Watu wanaupiga picha! Baba alicheka hadi akashika mbavu. "Yarabi, mgomba una hita yake, na sisi huku tunatetemeka!" Mama naye akacheka. Mimi sikucheka. Nywele zangu zilikuwa hazijasukwa wiki ya tatu, nilikuwa na kikohozi, na mama yangu alikuwa ameniacha akaangalie maua. Nilimchukia.

"Eish, Mama," nikasema, "wewe tembea tu. Sisi hatukuhitaji."

Alinitazama. Nyuma yake sauti ya mwanamke mzee ikauliza kwa Kiingereza mbona wamesimama. Simu ikakatika.

Baba hakunipiga. Alisema polepole, "Mwanangu, mamako hatembei. Anayetembea ni yule bibi uliyemsikia, miguu yake haifanyi kazi. Mamako ndiye anayemsukuma kwenye kiti. Anamwogesha, anamlisha, wiki nzima, na Jumapili bibi anataka maua. Ni hapo tu anapopata nafasi ya kutupigia."

Jumapili iliyofuata nilikaa mbele ya simu mapema, nimeyapanga maneno ya kuomba radhi. Mama alipiga akiwa mbele ya ukuta mtupu. Alinichangamkia, akaniuliza habari za shule na kikohozi. "Nionyeshe maua, Mama," nilimwomba. Akasema leo hawakutoka, kunanyesha. Jumapili ya pili yake pia kulikuwa kunanyesha, na ya tatu. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine na mwingine, na Uingereza haikukauka hata Jumapili moja. Radhi sikuiomba, kwa sababu kuiomba kungekuwa kumwambia kwamba najua hakuna mvua.

Alirudi mwishoni mwa 2019, yule bibi alipofariki. Mwanzoni nilidhani tutazoeana tu, siku zikienda. Sasa mimi ni mtu mzima na tunaishi sote watatu nyumba moja. Mimi na Mama hatugombani, majirani wanatusifu kwa hilo, nami nawaonea wivu rafiki zangu wanaofokewa na mama zao kwa sababu ya vyombo visivyooshwa. Jana nilimkuta jikoni, amesimama mbele ya friji na bilauri tupu mkononi. Aliponiona akasogea pembeni kunipisha.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Naweza kuchukua maji?"