Ng'ombe wa Sita

Siku ya kwanza sikupewa brashi, nilipewa kitambaa. Karakana ilikuwa ghorofa ya nne pale mtaa wa Kangle, juu ya vyerehani, na kazi yangu ilikuwa kulainisha anga: kupitisha kitambaa kikavu juu ya rangi mbichi mpaka alama za brashi zipotee. Nilikuwa na miaka hamsini. Shule niliachia darasa la tano, na nilikwisha kuuza saa, kushona viatu na kubeba marobota katika miji saba.

Tulinakili mandhari za Marekani za karne ya kumi na tisa kwa ajili ya kumbi za hoteli. Turubai moja ilipita mikono minne: anga, milima, maji, watu. Wachoraji wale wa zamani walifanya watu wawe kama punje za mchele ili mlima utishe. Nikauliza, wanakwenda wapi? Nani alikuwa akiishi huko kabla yao?

Shifu, yaani fundi mkuu kwa Kichina, alicheka. "Mzee, unauliza kuliko polisi. Walikwenda magharibi, kwa hiyo gari huelekea jua linapozama. Hayo yanakutosha."

Polisi. Nilipopandishwa kuwa mchora anga, viza yangu ilikuwa imekwisha miezi mitatu, na mwaka ule pasipoti zilikaguliwa hadi ngazini. Nikageuza stuli yangu ielekee mlango. Kila kiatu kilipopanda, niliinua macho.

Ndipo nilipokosea. Gari la ng'ombe sita lilikwisha kuchorwa kwa chaki likielekea kushoto; mimi nikaweka jua kulia. Wenzangu wakapaka milima, maji na gari bila kugundua, kila mmoja akitazama sehemu yake tu.

Bi Zuhura, wakala wa mizigo kutoka Mombasa mwenye ofisi katika jengo la Tianxiu, ndiye aliyenitafutia kazi ile. Alikuja kuchukua turubai iende bandari ya Nansha. Akashika kiuno.

"Baba Neema, mbona hawa walipa jua mgongo? Washachoka na Amerika, warudi kwao?"

Kontena lilikuwa likifungwa jioni ile. Anga nzima isingewahi kupakwa upya. Shifu akanipa brashi nyembamba. "Wafute ng'ombe mmoja mmoja, wahamishie upande wa pili wa gari."

Nilikuwa kwa ng'ombe wa nne buti ziliposikika ngazini. Laoban, bosi wetu, akafungua mlango wa nyuma. "Ondoka!"

Ningeondoka, Bi Zuhura angempoteza mteja wake kwa kosa langu. Nikamhamisha wa tano.

"Huzhao," askari akasema. Pasipoti.

"Mwache amalize," Shifu akasihi, "amebakisha mmoja tu."

Askari akaitazama turubai kidogo, kisha akanishika mkono wenye brashi.

Nilirudishwa Singida, nikapaka mabango ya maduka mpaka macho yalipokataa. Bi Zuhura alinipigia simu: picha ilipokelewa, imetundikwa, na hakuna aliyemwona ng'ombe mmoja anayevuta kurudi nyuma wakati watano wanavuta mbele.

Vijana huniuliza siri ya anga. Nawaambia, kabla hujaweka jua, tazama gari linaelekea wapi. Mimi nilikuwa nikitazama mlango.